Umeshinda rufaa, lakini umeshinda nini?

Jirani yangu, mama anayeuza vitenge sokoni, alipigiwa simu na wakili wake akaambiwa: "Mama, rufaa yetu imekubaliwa." Jioni ile kwake kulichinjwa kuku wawili, na sisi majirani tukala. Kesi ya shamba la marehemu baba yake ilikuwa imemla miaka tisa. Wiki mbili baadaye akaenda shambani na fundi wa kusimika nguzo za uzio, akamkuta mpinzani wake analima kama kawaida. Yule bwana hakugombana naye. Alimwambia tu kwamba kasome vizuri karatasi zako.

Mama akaniletea hizo karatasi. Zilikuwa kurasa ishirini na kitu za Kiingereza, na jibu lake lilikuwa katika aya ya mwisho: mwenendo wote wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya umebatilishwa, hukumu zote mbili za chini zimetenguliwa, na shauri lisikilizwe upya mbele ya mwenyekiti mwingine na wazee wa baraza wapya. Kwa hiyo hakuwa ameshinda shamba. Hakuwa ameshindwa pia. Alikuwa amerudishwa mwanzo wa njia, na hakuna aliyemweleza hivyo kwa lugha anayoijua.

Nimekutana na mkanganyiko huu mara nyingi mno, mitaani na hata magazetini, ambako kila uamuzi huandikwa kwamba mahakama "imetupa" rufaa au fulani "ameshinda". Nataka nieleze taratibu kinachotokea pale juu, kwa sababu watu wanauza ng'ombe na viwanja kufuata hukumu ambazo hawajui zimesema nini.

Tuanze na majina. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ndiyo mahakama ya juu kabisa nchini. Ilianza mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza kuvunjika mwaka 1977 na kuondoka na mahakama ya rufaa tuliyokuwa tukiichangia na Kenya na Uganda. Wenzetu wa Kenya, tangu Katiba yao ya 2010, wana Mahakama ya Juu juu ya ile ya rufaa. Sisi hatuna ngazi hiyo. Anayekata rufaa anaitwa mrufani, na anayeijibu ni mjibu rufaa. Rufaa husikilizwa na majaji wasiopungua watatu, na wakitofautiana, walio wengi ndio wanaoamua. Mahakama hii husafiri, kwa hiyo ukisikia imeketi Mwanza, Mbeya, Arusha, Tabora au Zanzibar, jua ni mahakama ileile. Hupokea pia rufaa za Mahakama Kuu ya Zanzibar, isipokuwa zinazohusu tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na yale mambo ya Kiislamu yanayoanzia mahakama za kadhi.

Kuna neno moja ambalo ukilielewa, nusu ya giza inaondoka. Neno hilo ni mwenendo. Mwenendo wa shauri ni maandishi yote ya yaliyotokea kule chini: nani aliapa, alisema nini, aliulizwa nini, kielelezo kipi kilipokelewa, hakimu au mwenyekiti aliamua nini na lini. Majaji wa rufani husoma mwenendo. Hawawaiti mashahidi upya, hawaendi kupima shamba, hawamwangalii mtu usoni kujua kama anadanganya. Ni kama marefa wa VAR: wanatazama marudio ya kilichokwisha kuchezwa uwanjani, timu hazirudi kucheza mechi mbele ya skrini yao. Ushahidi mpya huruhusiwa kwa nadra sana, tena kwa kibali. Kwa hiyo anayesema "nikifika Rufani ndipo nitaitoa ile hati yangu" anajidanganya, maana hati ile ilitakiwa kutolewa siku ya kwanza.

Tena hali inatofautiana kulingana na ngazi uliyotoka. Shauri likianzia Mahakama Kuu kisha likaja Rufani, hiyo ni rufaa ya kwanza, na majaji wanaweza kuupima ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wao wenyewe. Likianzia chini, likapita Mahakama Kuu, kisha likaja juu, hiyo ni rufaa ya pili, na hapo kazi yao kubwa ni kuangalia sheria. Mahakama mbili zikishakubaliana kwamba mwembe ule ndio mpaka, Rufani haitaugusa mwembe, ila kama inaonekana wazi kwamba ushahidi ulieleweka visivyo au kanuni ya sheria ilikiukwa.

Sasa tuje kwenye yale maneno yaliyomchanganya jirani yangu. Nitatumia mtihani wa taifa, kwa sababu sote tumeupitia au tumempeleka mtoto.

Mwanafunzi wa kwanza alifika getini bila namba ya mtihani, au alifika amechelewa. Akarudishwa. Hakufeli, kwa sababu hakufanya mtihani. Rufaa ikiondolewa mahakamani ndiyo hali hiyo: ililetwa nje ya muda, au nyaraka ya lazima imekosekana, au taarifa ya rufaa ina kasoro. Majaji hawajasema lolote kuhusu nani mwenye haki. Mara nyingi njia ya kurudi ipo, ukirekebisha kasoro na ukapewa muda.

Mwanafunzi wa pili alifanya mtihani, ukasahihishwa, akafeli. Hapo rufaa imekataliwa, au kama mahakama inavyopenda kusema, imetupiliwa mbali. Hoja zimesikilizwa, hazikuwa na mashiko, na hukumu ya chini inabaki vilevile. Mfano unaokumbukwa na wengi ni wa Oktoba 2019, Serikali ilipokata rufaa dhidi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi kuhusu vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18. Rufaa ilikataliwa, na kwa hiyo uamuzi wa Mahakama Kuu wa 2016, kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, ukasimama. Tazama pia kwamba aliyeshindwa pale alikuwa Serikali. Wanaosema mahakama ile haiwezi kuiambia Serikali hapana wanasahau siku kama ile.

Mwanafunzi wa tatu alifanya mtihani na kufaulu. Rufaa imekubaliwa, hukumu ya chini imetenguliwa, na mahakama imeweka yake mahali pake. Huu ndio ushindi ambao kila mtu anadhani kila neno "imekubaliwa" linaubeba.

Halafu kuna mwanafunzi wa nne, naye ndiye jirani yangu. Alifanya mtihani akiwa na wenzake, kisha ikagundulika mtihani ulivuja. Matokeo yote yakafutwa, ya aliyefaulu na ya aliyefeli, na wote wakaambiwa warudie. Mwenendo ukibatilishwa, ni kana kwamba kesi haikuwahi kusikilizwa. Majaji wanaweza kufanya hivi hata kama hakuna upande ulioomba, wakiona wenyewe kasoro iliyoharibu kila kitu kilichofuata.

Kwa nini hili limewakuta watu wengi wa kesi za ardhi? Hapa inabidi tuingie ndani kidogo.

Migogoro ya ardhi ina mabaraza yake, yaliyowekwa na sheria ya mwaka 2002. Kuna baraza la kijiji, baraza la kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu, kisha Rufani. Tangu mabadiliko ya 2021, baraza la kata halitoi tena hukumu, kazi yake ni kusuluhisha tu. Wapo watu hadi leo wanakuonyesha karatasi ya kata na kusema "kata ilinipa". Kama karatasi hiyo ni ya baada ya mabadiliko hayo, kata haikuwa na uwezo wa kumpa mtu chochote.

Baraza la wilaya huongozwa na mwenyekiti ambaye ni mwanasheria, lakini hakai peke yake. Sheria inataka wazee wa baraza wasiopungua wawili. Mawazo yaliyo nyuma ya utaratibu huo ni mazuri: ardhi ina historia na mila, na mzee anayezijua desturi za mahali anaweza kuona asichokiona msomi aliyehamishiwa pale mwaka jana. Kabla ya hukumu, kila mzee lazima atoe maoni yake kwa maandishi, na maoni yasomwe mbele ya wadaawa, yaani pande zinazoshindana. Mwenyekiti halazimiki kuyafuata, ila asipoyafuata aseme kwa nini.

Katika mabaraza mengi haikuwa hivyo. Wazee walibadilishwa katikati ya kesi, au mwenyekiti aliandika ndani ya hukumu yake kwamba "wazee wameshauri hivi", wakati katika mwenendo hakuna mahali panapoonyesha maoni yalisomwa. Mafaili hayo yalipofika Rufani, majaji walisema, shauri baada ya shauri, kwamba maoni ambayo wadaawa hawakuyasikia hayana thamani, na kwamba baraza halikuwa limetimia kisheria. Mwenendo ukabatilishwa. Miaka minane, miaka kumi ya mtu, ikaondoka hivyo.

Ninajua jibu la wengi: si wangefumba macho tu, wakaamua shamba ni la nani? Bunge lenyewe lilisikia kilio hicho. Mwaka 2018 sheria ilirekebishwa na kuwekwa kanuni ambayo mawakili wameipa jina la utani, kanuni ya oksijeni, kwa kuwa inazipa pumzi kesi zilizokuwa zinakufa kwa kasoro ndogondogo. Inaitaka mahakama ilenge haki, kwa haraka na kwa gharama nafuu. Imesaidia kweli. Kifungu kilichotajwa vibaya au karatasi iliyosahaulika siku hizi mara nyingi hurekebishwa bila rufaa kuondolewa. Lakini katika shauri la Halmashauri ya Kijiji cha Mondorosi dhidi ya Tanzania Breweries, Mahakama iliweka mpaka: kanuni hii haiwezi kutumiwa kwa upofu kuvunja masharti ya lazima yanayogusa mzizi wa shauri. Nani alikaa kuamua, na alikaa kihalali au la, ni mzizi. Mimi nakubaliana nao kwa hilo. Ninachokiona kigumu kukubali ni kwamba gharama ya kosa la baraza hulipwa na mwananchi ambaye hakulifanya.

Katika jinai kasoro za namna hii huonekana kwa sura nyingine, na hapo ndipo hasira za watu huwa kubwa. "Jambazi ameachiwa kwa sababu karatasi haikusomwa!" Ni kweli kuna kanuni kwamba kielelezo cha maandishi, kwa mfano PF3, ile fomu ya polisi inayojazwa hospitali, au maelezo ya kukiri kosa, kikishapokelewa lazima kisomwe mahakamani mshtakiwa akisikia. Mshtakiwa hawezi kujitetea dhidi ya karatasi ambayo hajui imeandikwa nini. Isiposomwa, inaondolewa katika ushahidi. Lakini kuondolewa kwa PF3 hakumwachii mtu kwa lazima. Majaji huuliza: tukiiweka pembeni, ushahidi uliobaki unatosha? Daktari akiwa alikuja akaeleza kwa mdomo alichokiona, na aliyetendewa akaeleza akaaminika, hatia inaweza kubaki palepale. Wanaoachiwa ni wale ambao kesi yao yote ilining'inia kwenye uzi uliokatika.

Vivyo hivyo kwa utambuzi wa usiku. Tangu 1980 Mahakama imesisitiza kwamba shahidi anayesema "nilimtambua" lazima aeleze mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani, alisimama umbali gani, alimtazama kwa muda gani, alimjua kabla au la. Ni maswali ambayo hata wewe ungeyauliza kama anayesingiziwa angekuwa mdogo wako, na kifungo cha unyang'anyi wa kutumia silaha ni miaka 30.

Na katika jinai, mwenendo ukibatilishwa si lazima kesi irudiwe. Kuna msimamo wa tangu 1966, wa iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ambao bado unafuatwa: kesi isirudiwe ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba matundu ya ushahidi wake. Kama ushahidi ulikuwa dhaifu tangu mwanzo, mtu anaachiwa moja kwa moja.

Jambo moja wafungwa wengi hawaambiwi: rufaa inaweza kukuongezea. Mtu aliyepewa miaka 30 kwa kumbaka mtoto wa chini ya miaka kumi, akikata rufaa na hatia ikathibitika, anaweza kutoka na kifungo cha maisha, kwa kuwa ndicho sheria inachotaka kwa umri huo. Imetokea.

Watu wengi walijifunza maneno haya kupitia kesi ya mwanamuziki Nguza Viking, Babu Seya, na wanawe, nayo bado inasimuliwa kwa kuchanganywa. Walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004. Mahakama Kuu ikakataa rufaa yao mwaka 2005. Februari 2010 Mahakama ya Rufani ikawaachia wanawe wawili na kuiacha hukumu dhidi ya Babu Seya mwenyewe na mwanawe mwingine, Papii Kocha. Wakaomba Mahakama hiyohiyo iitazame upya hukumu yake, ombi ambalo magazeti mengine huliita mapitio na mengine marejeo, na mwaka 2013 likakataliwa. Tarehe 9 Desemba 2017 Rais John Magufuli akawasamehe. Sasa ukisikia mtu akisema "mahakama iliwaachia wote", sivyo. Wawili waliachiwa na mahakama, wawili walitoka kwa msamaha wa Rais, na msamaha ni mamlaka nyingine kabisa ambayo haitengui hukumu.

Ombi lile la kuitazama upya hukumu si rufaa ya pili ya kisirisiri. Mlango wake ni mwembamba: kosa lililo wazi usoni mwa hukumu, upande mmoja kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, hukumu kuwa batili, mahakama kukosa mamlaka, au hukumu kupatikana kwa udanganyifu. Kutoridhika hakumo. Na lazima liletwe ndani ya siku 60.

Vipi Arusha? Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko pale, na Machi 2018 iliona kwamba baadhi ya haki za Babu Seya na Papii Kocha za kusikilizwa kwa usawa zilikiukwa. Lakini yenyewe imesema mara kwa mara kwamba si mahakama ya rufaa juu ya zile za nchi. Isitoshe, Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua kesi pale moja kwa moja, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa mashauri mapya. Anayekuahidi leo kwamba "tutakwenda Arusha" baada ya Rufani, muulize kwa njia ipi.

Upande wa biashara nitagusa mambo mawili tu, kwa kuwa ndiyo yanayowafilisi watu.

La kwanza: kukata rufaa hakuzuii chochote. Umeshindwa na benki Mahakama Kuu, umewasilisha taarifa ya rufaa, umelala usingizi. Asubuhi dalali wa mahakama yuko mlangoni. Ili azuiwe, unahitaji ombi tofauti la kusimamisha utekelezaji wa hukumu, ndani ya siku 14 tangu ulipopata taarifa ya utekelezaji, na lazima utoe dhamana, mara nyingi ya benki, kwamba ukishindwa fedha zitalipwa. Asiye na dhamana hana zuio, hata kama rufaa yake ni nzuri kiasi gani.

La pili ni nyumba iliyowekwa rehani. Mtu anathibitisha kwamba mnada uliendeshwa vibaya, bila notisi inayostahili, anashinda, na bado nyumba hairudi. Sababu ni kwamba Sheria ya Ardhi inamlinda mnunuzi wa nia njema, yule aliyenunua mnadani bila kuhusika na hila yoyote. Kama asingelindwa, nani angenunua mnadani tena? Haki ya mwenye nyumba inabaki dhidi ya aliyeuza, nayo ni fidia ya fedha. Mahakama ya Rufani imelisema hili mara nyingi, ila taarifa haimfiki mama aliyesaini rehani ya nyumba ya familia kwa mkopo wa shemeji.

Kuhusu muda, nitasema yanayohusu madai, maana ndiko wengi wanakokwama. Taarifa ya rufaa huwasilishwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi. Rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu taarifa hiyo. Nakala za mwenendo huchelewa, ndiyo maana kuna barua kwa Msajili ya kuziomba, nayo iandikwe ndani ya zile siku 30 na nakala yake apelekewe mpinzani. Ukifanya hivyo, Msajili hukupa cheti kinachotoa siku zilizotumika kuandaa nakala. Usipompelekea mpinzani barua, cheti hakikusaidii. Rufaa za mamilioni zimeondolewa kwa sababu ya barua moja ambayo haikupelekwa.

Ukishachelewa, unaweza kuomba kuongezewa muda. Katika shauri la Lyamuya Construction dhidi ya wadhamini wa YWCA Tanzania, la mwaka 2010, Mahakama ilitaja inachoangalia: ueleze muda wote wa kuchelewa, kuchelewa kusiwe kwa kupindukia, uonyeshe juhudi na si uzembe, na kama hukumu ina uharamu ulio wazi, useme. Kila siku ihesabiwe. "Nilikuwa naumwa" bila karatasi ya hospitali haifiki mbali.

Afadhali moja imekuja. Zamani mtu wa kesi ya ardhi aliyetaka kutoka Mahakama Kuu kwenda Rufani alihitaji kwanza kibali, na kibali hicho peke yake kilikuwa kesi nzima. Tangu Desemba 2023 sharti hilo limeondolewa.

Mabadiliko mengine ya sheria ya 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na hukumu kadhaa zimeanza kuandikwa hivyo, ingawa nyingi za Rufani bado ni za Kiingereza. Hukumu huwekwa bure kwenye tovuti ya TanzLII. Ukiipata ya kwako, anza na aya ya mwisho. Tafuta kitenzi: imeondolewa, imekataliwa, imekubaliwa, imebatilishwa. Kisha tafuta amri zinazokifuata, na umwombe wakili akuandikie mstari mmoja wa Kiswahili kwa kila amri. Wakili mwema hatakataa.

Jirani yangu tulikaa naye barazani kwake jioni nzima, nikimsomea ile aya sentensi kwa sentensi. Aliniuliza swali moja tu. Mzee aliyekuwa shahidi wake, aliyeujua mpaka wa shamba tangu enzi za vijiji vya ujamaa, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alitaka kujua ushahidi ule mzee alioutoa uko wapi sasa. Nilimwambia ulikuwa ndani ya mwenendo, na mwenendo umebatilishwa. Alikunja karatasi, akaingia ndani, akarudi na daftari la kaunta, akaanza kuandika majina ya watu wengine wanaoukumbuka mpaka ule. Alifikisha wanne.